Uzi wa Sita

Kijana wa gazeti alikuja na kinasa sauti,
akaketi bila kujua kwenye kiti cha baba,
akauliza: "Bi Arzella, bluzi ulifunzwa na nani?"

Nikamwambia, anza na reli.
Baba yangu Lonzo hakupiga ala maishani,
kazi yake ilikuwa kunyoosha reli zilizopinda.
Watu kumi na wawili, mitaimbo kumi na miwili,
yeye akitangulia kwa sauti, wao wakiitikia kwa mabega,
na chuma kikisogea inchi moja,
inchi moja tu, kwa ubeti mzima.
Tangu hapo siamini wimbo usiosogeza kitu.

Bibi Mozelle alizaliwa kwenye pamba ya watu,
akazikwa kando ya pamba ya watu,
na katikati akanyamaza, isipokuwa Jumapili.
Kanisani shemasi Pruitt alitupa mstari wa zaburi
kama atupaye kamba kisimani,
na bibi akauvuta polepole, akauvuta,
hata neno moja likajaza ndoo.
Mimi nilikuwa chini ya benchi, nahesabu viraka vya soksi zake.
Ukinisikia nimeng'ang'ania noti moja mpaka watu wanakohoa,
huyo ni yeye.

Mjomba Cleophus alipigilia waya wa ufagio ukutani,
akaukaza kwa chupa ya dawa ya kikohozi,
nyumba nzima ikawa gitaa:
ukigusa waya jikoni, vikombe vinajibu chumbani.
Jumatatu moja alivuka mto kwenda Memphis kununua viatu.
Viatu hivyo tunavingoja hadi leo.

Halafu mama.
Mama alifua nguo za nyumba saba za wazungu,
na bluzi hakutaka hata kuisikia.
Muziki wa shetani, alisema,
huku pasi yake ikigonga meza
tu, tutu, tu,
na mvuke ukimalizia ubeti.
Baba alipoleta gitaa kuukuu kutoka duka la rehani
mama alilitazama siku tatu, kimya.
Siku ya nne aling'oa uzi mmoja, ule mwembamba,
akaufunga vijiti viwili,
akawa anakatia sabuni.
"Tano zinakutosha."

Basi nikajifunza kwa tano.
Baadaye, huko Chicago, wanaume walinicheka,
wakanipa uzi wa bure. Nikaufunga. Nikaufungua.
Mkono ulishazoea pengo,
kila wimbo nimeuzungusha hapo
kama ulimi kwenye jino lililong'oka.

Tulipomzika mama nilifungua kopo lake la vifungo.
Uzi ulikuwemo, umejikunja kama unywele,
kutu huku na huku,
katikati unang'aa, pale palipokuwa pakikata.
Bado unanuka sabuni ya magadi.
Nilimwonyesha kijana. Akaunusa kwa adabu,
akanirudishia, akatazama saa.

Wiki iliyofuata gazeti likafika.
Picha nzuri, gitaa limekaa sawa mapajani,
na chini yake, kwa herufi nene:
"Alijifunza mwenyewe."

Mama angecheka mpaka pasi ipoe.