Usizizike Kama Maiti

Lamara,
mbegu hizi usizizike kama maiti.
Kina cha ukucha kinatosha. Udongo uwe shuka, si kaburi.
Zimo kumi na tisa ndani ya bahasha ya aspirini,
nyembamba, nyeusi, zenye mkia wa rangi ya majani makavu.
Ukizidharau kwa wembamba wake utakuwa umesahau
mama alivyotuita sisi wawili: njiti za kiberiti.

Hapa Imereti theluji ingali imelala juu ya paa la zizi.
Zangu nimezipanda juzi kwenye trei ya mayai,
dirishani, jirani na jiko la kuni,
na kila alfajiri nazichungulia kama mwizi.
Mwaka jana kuku wa Valiko aliingia, akala miche yote.
Nikamwambia: kuku wako sasa ana mchuzi wa harusi tumboni.
Hakucheka.
Nikapanda upya.

Ikitoa majani manne, itenganishe.
Ikirefuka, ikate vichwa. Ndiyo, kata,
mche usiokatwa huota kiburi badala ya maua.
Unasema jua la Thesaloniki huipiga roshani yako
tangu saa tano mpaka magharibi;
basi maji yapite chini, shinani, usiioshe nyuso.

Maua yakifunguka, ngoja umande ukauke.
Shika ua kwa kitako, vuta petali
kama unavyomvua mtoto soksi usingizini.
Kitako cha kijani tupa, ni kichungu,
kichungu kama ile asubuhi ya stendi ya Kutaisi
uliponiachia funguo, na paka, na deni la duka la Guguli.
Anika kivulini, juu ya gazeti.
Jua ndilo lililoyapaka rangi maua haya,
na jua hilohilo hupita baadaye kudai rangi yake.

Kinu cha mama siwezi kukutumia. Kilo sita, na posta unaijua.
Tumia kisagio cha kahawa cha huyo bibi unayemtunza.
Saga petali, giligilani, uwatu, kitunguu saumu,
halafu kokwa za jozi hadi zitoe mafuta,
siki kidogo, maji ya uvuguvugu.
Mchuzi ukiwa na rangi ya paka wetu, acha kukoroga.
Wakikuambia hiyo si zafarani ya kweli,
waambie kweli ya kwetu inaota kando ya choo cha shimo
na haijawahi kumwangusha mgeni.

*

Agosti. Umepiga simu usiku, unacheka, unalia, sikuelewa.
Kwamba zimeota kumi na moja.
Kwamba mchuzi wa kwanza ulikuwa mchungu, ukaumwaga,
kwa sababu hukutoa vitako. (Nilisema. Nilisema au sikusema?)
Kwamba Bi Evanthia, asiyejua tena jina la mwanawe,
anayekuita majina matatu kwa siku na lako halimo,
alinyoosha mkono kutoka kwenye kiti chake roshanini,
akachuma ua zima, akalitia kinywani,
akalitafuna na kitako chake,
akakunja uso, akasema: chungu.
Neno lake la kwanza tangu Pasaka.
Kisha akanyoosha mkono tena.

Sijui niiweke wapi habari hiyo.
Nimemsimulia paka.

*

Bahasha yako imefika, imechanika pembeni,
mbegu arobaini na kitu, nyingine zimebaki njiani, Mungu ajuaye wapi.
Zimenenepa, Lamara, kuliko zetu.
Ni jua, au ni yale maji ya bomba unayoyalalamikia.
Machi nimezipanda pamoja na za hapa, trei moja,
na sikuweka alama.

Valiko nimemwambia afunge kuku.