Kiatu cha Kushoto

Saa kumi na dakika ishirini mlango unafunguka,
na kabla upepo wa Punta Arenas haujaingia wote
kiatu kimeshapaa.
Cha kushoto. Siku zote cha kushoto.
Kimeshaua kikombe kimoja na saa ya ukutani;
saa ile mpaka leo inasema kumi na dakika ishirini na moja,
na kwa nyumba hii haikosei.

Rayen ana miaka sita, na wiki tano za shule.
Mwalimu Jimena Barría aliniambia langoni,
ameshikilia kofia yake isichukuliwe na upepo:
"Ametulia kama maji ya mtungi, mama.
Hata sauti yake siijui vizuri."
Niligeuka kutazama kama anasema na mzazi mwingine.
Mkononi, ndani ya shati, nilikuwa na alama za meno:
manne, na pengo.

Nimejaribu. Msidhani sijajaribu.
Nyota za karatasi kwenye jokofu, alizila.
Kona ya adhabu, alichora farasi ukutani kwa kucha.
Nikapiga kelele, naye akapiga,
na Eloy, mwenye miaka miwili, akapiga asiachwe nyuma,
jirani wa juu akatugongea kwa ufagio.

Mama mkwe akasema kwa simu kutoka Chiloé:
samaki mkunje angali mbichi.
Mama, mimi hukata samaki kwa mshahara.
Samoni mia kadhaa kwa zamu hupita chini ya kisu changu
na hili ninalijua kwa vidole:
mbichi ukimkunja kwa nguvu, nyama hufumuka,
inaachana kimyakimya ndani ya ngozi,
huoni kitu
mpaka umlaze mezani.

Jumanne ile msimamizi Oyarzo
alizihesabu dakika zangu za chooni mbele ya wenzangu.
Nikatabasamu.
Nikatabasamu zamu nzima, glavu zimelowa,
ndiyo bwana, sawa bwana,
kisha nikarudi nikishika zile kamba za pembe ya barabara
zinazofungwa watu wasipeperushwe,
kamba isiyozuia upepo hata chembe,
ni pa kushika tu.
Mume wangu aliuliza chumvi iko wapi.
Buti langu lilipita karibu na sikio lake.

Kimya.
Rayen, chini ya meza, akalitazama buti.
Akanitazama mimi.
"La kushoto," akasema,
kwa sauti ya fundi anayekagua kazi ya mwenziwe.

Nikakaa sakafuni, sare inanuka samaki.
Sikuuliza shule ilikuwaje.
Nikapaka mkate parachichi, nusu nikaisogeza chini ya meza.
Huko juu mtu alikuwa anakunywa supu isiyo na chumvi, taratibu.
Ilipita muda kabla mkono haujatoka kuchukua.
Halafu, mdomo umejaa:
"Kule kila mtu ana wa kukaa naye.
Mimi nashika penseli yangu. Naishika sana."
Akafungua kiganja nione.
Mstari mwekundu ulikuwa bado upo.

Siku hizi sifungui mlango na maswali.
Nimeweka kikapu cha nguo chafu mkabala na mlango,
sikumwambia ni cha nini.
Jana kiatu kilikosa kikapu kikampata Eloy begani;
Eloy akalia, dada mtu akamcheka,
nami nikafoka kwa yale maneno
niliyoapa mara mbili kwamba sitayarudia.

Leo sijui.
Maziwa yako motoni. Buti zangu nimeshazivua.
Nasikia ngazi:
hatua moja ya kiatu,
hatua moja ya soksi.
Nasogeza kikapu kidogo upande wa kushoto.