Hapo, Hapo

Bomba la eriali ya marehemu baba bado lipo,
Mtongwe, juu ya mabati yaliyoliwa na chumvi.
Alilizungusha kwa mikono miwili
nasi ndani tukipaza: Bado! Bado! Hapo!
Umepita, rudisha kidogo.

Kati ya stesheni na stesheni palikuwa na chenga tu,
mchele mweupe usiopikika,
na mama akisema: zima, hapo hapana mtu.

Leo fundi Nyamvula kapanda na nyaya zake.
Masafa yale ya televisheni, asema,
yamelala matupu, kama chumba cha mpangaji aliyehama;
hupenya mikorosho, hupenya kuta za matumbawe.
Kibali ni cha majaribio.
Mvua ikinyesha, tutaona.

Kafunga kisanduku kwenye bomba lile lile.
Chini, mama kashika simu kwa ncha za vidole
kama sahani ya moto.
Duara lazunguka. Lazunguka.
Kisha Saumu, yuko Doha, na kilemba chake cha kazi,
uso nusu, nusu mchele.

"Hapo!" mama kapaza hadi juu ya paa,
"Hapo hapo, baba Saumu, usiguse!"

Nyamvula hakuuliza.
Aliondoa mkono.