Nukta

Kwetu Wete nukta ni vitu viwili.
Kidoto tumboni mwa jimu:
ukikifuta, jimu imekuwa ha, na umesoma neno jengine.
Na kipande cha wakati
ambacho ukimaliza kukitaja kimeshapita.
Cha kwanza alinifunza Maalim Faki Shoka, kwa kijiti na ubao.
Cha pili nakisaka mwenyewe, Bopwe,
katika chumba kisicho dirisha nyuma ya skuli ya zamani,
pampu ikikoroma siku ya tatu,
inanyonya hewa kwenye chungu cha chuma
mpaka isibaki hata pumzi ya kuzizuia njia elektroni.

Ndani mna kipande cha fedha.
Hakitimii ukucha wa mtoto.
Atomi zake zimesimama safu kwa safu;
nawe umeshapita, bila shaka, barabara ya Ole,
ukaona mikarafuu imeziba, imeziba,
mara ujia unafunguka mweupe hadi mwisho,
halafu unajifunga.
Elektroni nazo zina pembe zao.
Kwenye pembe hizo tu ndipo zinapokubaliana,
na zikikubaliana kiwambo huwaka
nukta ya kijani, na nyengine, na nyengine.

Sasa leza.
Inaigusa fedha na kuondoka
kabla fedha haijajua kwamba imeungua.
Nyuma yake natuma elektroni, zimelala,
zinakwaruza uso tu kama kigae kirukacho juu ya maji,
zisije zikazama mwilini
zikaniletea habari nisizoziagiza.

Nyuma kwa muda gani? Saa ya kupimia hiyo haipo.
Nina kioo juu ya reli.
Nikikisogeza mbele unene wa karatasi mbili,
mwanga unapunguziwa safari, unatangulia,
na huko kutangulia, basi:
igawe nukta mara milioni,
kipande kimoja kati ya hivyo kigawe mara milioni tena,
chukua kimoja.
Ndicho hicho, na chenji kidogo.

Nukta zinafifia.
Hazihami, hazivunjiki. Zinafifia
kwa sababu kila atomi inatetemeka mlangoni pake
na safu haisomeki tena vizuri.
Fedha bado ni ngumu, ungeigonga ingelia.
Uso ndio umesikia moto
ambao mwili haujapata habari zake.

Mama alikuja saa nane za usiku na chupa ya chai.
Mjukuu wa sonara; bangili zake hazivuki mlango kimyakimya.
Akachungulia kiwambo.
"Fedha i wapi?"
Ndizo hizo nukta, nikamwambia.
"Mbona hainuki moto?" Akanyamaza. "Na siku tatu hizi zote ni za nini?"
Za kitu kisichofika kupepesa jicho.
"Kisichofika mara ngapi?"
Nikaanza kuhesabu sifuri kwa vidole.
Vyangu kumi vikaisha, nikaazima viwili vyake,
na kwenye hicho cha pili umeme ukakatika.

Pampu ikashusha sauti kama mtu anayeketi.
Kwenye grafu nilikuwa na nukta kumi na moja
(hizo ni za aina ya tatu, sikuzitaja),
zinateremka, zinateremka.
Iliyobaki ni ile ambapo uso unaanza kupoa
na kijani kinarudi kama kilivyokuwa.
Hiyo sikuiona.

Gizani Mama akamimina chai asimwage tone,
akaniuliza kama fedha imeharibika.
Haijaharibika. Imeshapoa,
ilipoa kabla hujakiachia kidole chako.
Tutanyonya hewa upya, siku tatu nyengine.
Daftari nimeliacha wazi kwenye mstari ule,
sijatia nukta