Anayeamka Kwanza

Birere, nyuma ya duka la simu la Paluku,
saa kumi na moja alfajiri. Umeme umerudi.
Nyaya tatu: ya kutuma, ya kupokea, ya ardhini.
Kwenye kioo herufi zinaanza kudondoka.

Huyu ndiye anayeamka kwanza nyumbani.
Hajui mtaa, hajui mwaka.
Anapapasa kumbukumbu gizani, anaihesabu,
anakoka jiko,
anamwachia mwenye nyumba karatasi moja
na kuondoka kabla ya chai.

Ile karatasi ndiyo kazi yangu.
Tunaiita mti, ingawa haina kivuli
wala ndege hajawahi kutua juu yake.
Shina, matawi, kila tawi na mzazi wake:
saa hapa, betri hapa, redio kwenye njia ya pili,
na kwenye ncha kabisa, pua:
kipima hewa, anwani saba-sita.

Kiini kikiamka kitauamini mti huo.
Hakina macho.
Kisichoandikwa, kwake hakipo;
kilichoandikwa kitakitafuta hata kama kimekufa.

Juzi Kyakimwa alipiga simu kutoka Bulengo,
kwenye kishimo cha mazuku kilichoua mbuzi wanne.
Alisimama ukingoni, hakushuka.
"Nimeteremsha mshumaa kwa kamba. Umezimika.
Mashine yenu inasema nini?"

Ilisema sifuri.
Kiini kilibisha saba-sita, hakikujibiwa,
na programu, kwa adabu, ikaandika sifuri.
Sifuri safi.
Sifuri ya kumtuma mtoto kuokota kuni.

Usiku kucha nimelaumu waya, betri, unyevu,
nimelaumu moshi wa mlima unaokula shaba.
Mpaka chini ya kioo cha kukuzia nikaona:
bodi za safari hii, zilizoingia kupitia Gisenyi,
zina tone la risasi mahali palipokuwa patupu.
Tone moja, dogo kuliko punje ya mtama.
Pua imehama. Siku hizi inakaa saba-saba.

Sisi watu wa Goma tungepaswa kuyajua haya.
Hati ya kiwanja chetu bado inasema
kaskazini uzio wa mianzi, mashariki kisima,
na kisima kiko chini ya mita mbili za jiwe jeusi.

Sikuuandika mti upya,
maana bodi za Ndosho bado zinakaa saba-sita.
Nimemfundisha yule wa alfajiri:
kabla hujaondoka, gusa mguu huu wa bodi.
Ukiwa na uhai, bandika kiraka juu ya karatasi,
sahihisha anwani. Usipokuwa nao, acha ilivyo.
Programu nayo nimeionya:
ukibisha usijibiwe, usiandike sifuri.
Andika: sijui.

Kuna tawi jingine, la kipima mvua.
Pesa ziliisha, hatukukinunua.
Paluku alitaka nilikate.
Halikatwi. Unaandika tu hali yake: limezimwa.
Anwani inabaki, mzazi anabaki.
Ndivyo mama alivyomwambia mwandishi wa sensa
kuhusu Mumbere, aliyekwenda Rubaya mwaka ule wa lava:
"Usimutoshe. Andika tu: hayuko."

Mchana bodi inakwenda Bulengo kwa pikipiki,
imefungwa ndani ya soksi.
Saa tisa simu inaita. Nafungua kioo.
Tatu, mbili, moja.
Anapapasa, anahesabu, anagusa mguu,
anasita, nimeona anasita,
kisha anaondoka.

"Mshumaa umezimika tena," anasema Kyakimwa.
"Na mashine?"
Namsomea: tarakimu sita, mbaya kupita kiasi,
na ninacheka
kama mtu aliyeletewa habari ya mtoto.