Vifundo Vitatu

Nyawera, Jumamosi, umeme umekatika tena.
Nankafu ananisuka kwa mwanga wa mlangoni,
kidole gumba kinapita nyuma ya sikio langu
kama cha mtu anayehesabu pesa asizoziamini.

Kompyuta mapajani, betri asilimia kumi na moja,
na kwenye kioo protini mbili zimekumbatiana.
"Minyoo gani hii?"
Si minyoo. Huyu mwembamba ni mlinzi wa seli.
Huyu mnene amemziba mdomo,
na bila kelele za mlinzi uvimbe haujui kufa.

"Si utie ufunguo?"
Wote husema ufunguo.
Hapa hakuna tundu, Nankafu.
Ni kiganja juu ya kiganja,
pamebaki kijifereji kimoja tu, kifupi,
ambamo msokoto wa mlinzi umelala.

Miaka mitatu nimeuiga msokoto ule mzima.
Ukatoka mrefu, mzito,
tumbo likausaga kama sambaza.

Ananivuta kichwa. Anatia ushanga:
mmoja, anaruka mzunguko,
mmoja, anaruka,
mmoja.
Mbona upande mmoja tu?
"Wa shingoni nani atauona? Ushanga ni pesa."

Nikanyamaza. Akadhani ameniumiza.

Kumbe kijifereji hakijali suka.
Kinajali vifundo vitatu na nafasi kati yao.
Basi nywele zote ziondoke,
kibaki kijiti kigumu, kifupi kuliko jina langu,
vifundo vikae palepale vilipokuwa.
Kikilala mle kwanza,
mlinzi atakosa pa kufungiwa,
ataenda zake kupiga kelele.

Betri imekufa.
Nachora kwa wanja wa Nankafu nyuma ya risiti ya unga.

Sijui. Vijiti vingi hukaa vizuri kwenye karatasi,
kisha vikagoma kuyeyuka majini,
au vikalichoma ini.
Nankafu anaitazama risiti muda mrefu.
Kiti hiki alikuwa akikikalia Nabintu, kila mwezi,
mpaka nywele zilipoanza kubaki kwenye kitana.

"Hicho kijiti, lini kitakuwa kidonge?"
Miaka kumi, nasema. Umeme ukiwepo.

Anacheka bila sauti, navisikia vidole vyake vikicheka.
"Inua kichwa," anasema.
"Upande wa kushoto bado."