Mlango wa Barabara ya Kumi na Tano

Fundi ameuliza: huu mlango tuupasue kuni?
Nikamwambia ngoja, usiuguse. Hilo ni daftari.

Upande wa ndani, chini ya komeo,
bibi yangu Mwanamkasi aliandika kwa mkaa,
yeye asiyejua alifu wala be.
Kofia: karani wa stesheni.
Mguu mmoja mfupi: kuli wa bandarini aliyechechemea.
Jicho: mlinzi wa godauni la mkonge,
maana zamu zote alilala.
Mbele ya kila mmoja, vijiti.
Kijiti kimoja, kitumbua kimoja,
cha tano kikilala juu ya wenzake kama kamba ya mzigo.

Alianza na chuma cha kuazima na pishi ya mchele,
mwaka ule talaka ilipomkuta na mimba ya mama.
Hakulia. Au alilia, nani alikuwepo?
Najua tu kwamba saa kumi ya usiku moto ulikuwa unawaka,
na treni ilipopiga honi
vya kwanza vilikwishaepuliwa.
Waliojenga mji huu, waliopakia, waliopanga mafaili,
walipita hapa kwanza,
wakaenda kazini na vidole vya mafuta.

Leseni ilitaka jina la mwanamume.
Akapeleka la kaka yake, Mbwana Shehoza,
aliyekaa Pangani na hajui hata kupuliza moto.
Miaka kumi na mmoja, kwa mujibu wa karatasi,
vitumbua vya mtaa huu vilipikwa na Mbwana Shehoza.
Mungu amrehemu, alikuwa mpishi hodari.

Kisha mkonge ukashuka bei.
Tazama ubao wa tatu: vijiti vimekosa nafasi,
vinapandana kama watu kwenye foleni ya mshahara usiokuja.
Wateja walianza kupitia uani, kwa aibu.
Mebakari wa nyumba ya pili akamwambia,
"Shoga, funga. Utakula mtaji."
Akajibu, "Mtaji ndio hao. Wakifa njaa nitamuuzia nani?"

Mama, Zawena, alifika la saba.
Akanunua daftari la mistari, akaongeza maandazi,
miaka ileile unga wa ngano ulipoadimika
na mafuta yakaja kwa chupa ya soda, ndani ya buibui.
Siku moja mgambo wakamwaga karai barabarani.
Mafuta yakaenda yakitafuta mtaro,
mama akayasindikiza kwa macho, kisha akawauliza,
"Mmeshakula, au niwawekee vya jioni?"
Mmoja alicheka. Mmoja alirudi jioni,
pesa mkononi, hakuinua uso.
Karai jipya lilitoka kwenye upatu,
na zamu haikuwa ya mama, ilikuwa ya Mebakari,
mwenye mgonjwa ndani.
Alisema tu: nipitisheni.

Mimi nauza kwa simu. Hela zinaingia,
sura za wenyewe sizijui.
Kausha damu nimekopa mara mbili;
ya pili nilijificha choo cha jirani,
afisa mkopo barazani akiita jina langu kama anaita kuku.
Hilo halimo mlangoni wala daftarini.
Nimeliandika hapa.

Sasa ghorofa linapanda. Chini tutapata fremu moja,
na mkataba una jina langu.
Nimelisoma mara tatu.
Mara ya tatu nikalisoma kwa sauti.

"Haya mama, mlango?"
Namwonyesha. Kofia amefutwa kwa mate na kidole,
alama ya kidole cha bibi imebaki.
Mguu amefutwa nusu.
Jicho, vijiti arobaini na viwili, hakuna kilichoguswa.
Labda alikufa, labda alihama,
labda wajukuu wake ndio wanaonunua kwangu kila asubuhi
wakilalamika vimepungua ukubwa.
Simdai.
Ila kuni, hapana.
Ubebe polepole, baba,
upande wenye maandishi uwe juu.